Jicho Limesimama Wapi?

Kule Kyamwilu, nje kidogo ya mji wa Machakos kwenye njia ya Mutituni, dereva huzima injini, akaachia breki, na gari likaanza kupanda mlima lenyewe. Maji yakimwagwa barabarani nayo hufuata huko huko juu. Wageni hupiga kelele, wenyeji husimulia visa vya watu wa kale, simu zinarekodi. Akija fundi mwashi na pimamaji yake, mchezo umekwisha: kinachoonekana mpando ni mteremko. Miinuko ya kando imeuficha upeo wa macho, na jicho likikosa mstari ulio sawa hujipimia kwa vilima na miti iliyo karibu, hata kama imelala upande.

Mahali hapo ndipo nilipopata kipimo changu cha filamu za familia na za fantasia. Ajabu ya Kyamwilu inategemea mahali ulipowekwa usimame. Filamu ya ajabu nayo hukuweka mahali, ikakupa sheria ya kutazamia, na kazi ya mchambuzi ni kuangalia kama hadithi na picha zote mbili zinaitii sheria hiyo hadi mwisho. Bei ya kompyuta zilizotumika naiachia kampuni iliyozinunua.

Peter Jackson aliijua siri hii alipotengeneza The Fellowship of the Ring (2001). Gandalf ni mrefu, Frodo hamfikii kifuani, ilhali Ian McKellen na Elijah Wood, wanaowaigiza, hawapishani kiasi hicho. Katika tukio la mezani, meza ilijengwa vipande viwili vya ukubwa tofauti. McKellen akaketi karibu na kamera, Wood akaketi nyuma zaidi. Kamera ina jicho moja, haijui umbali, kwa hiyo vipande viwili vikaonekana meza moja na waigizaji wawili wakaonekana wanatazamana. Kamera ilipohitaji kusogea, mwigizaji naye alisogezwa juu ya jukwaa lililokwenda sambamba nayo, ili mpangilio usivunjike. Mbao, misumari na hesabu nzuri. Na kwa kuwa wawili hao walikuwa chumba kimoja, mazungumzo yao yana joto.

Miaka 11 baadaye alirudi na The Hobbit. Safari hii alipiga kwa kamera za 3D, zenye macho mawili, na macho mawili hupima umbali. Meza ya vipande viwili haikuwezekana tena. McKellen akalazimika kuigiza peke yake kwenye seti ya kijani huku wenzake wakiwa seti nyingine, na mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alilia. Juu ya hayo picha zilipigwa kwa fremu 48 kwa sekunde badala ya 24 zilizozoeleka, na kila kitu kikawa wazi mno: nywele za bandia zikaonekana za bandia, na rangi ya usoni ikaonekana rangi. Ubora wa picha ulipanda, imani ikashuka. Watu wengi hudhani viwili hivyo hupanda pamoja.

Ndivyo ilivyokuwa kwa The Lion King pia. Wachoraji wa filamu ya mwaka 1994 walikuja Kenya kutazama nchi, Hell's Gate kule Naivasha ikiwemo, kisha wakarudi kuichora kwa namna yao. Simba wao ana nyusi. Anashangaa, anaona haya, anasononeka, na mtoto wa miaka minne anamsoma bila kuelezwa. Toleo la Jon Favreau la 2019 lilitengenezwa karibu lote kwa kompyuta, isipokuwa picha ya kwanza kabisa ya jua linalochomoza, na liligharimu takriban dola milioni 250. Manyoya yanapeperushwa na upepo jinsi yanavyopaswa. Lakini filamu hiyo imetuketisha kwenye kiti cha mtazamaji wa vipindi vya wanyamapori, na kutoka kiti hicho simba hazungumzi. Simba anaposimama juu ya mwili wa baba yake, Mufasa, uso wake ni uso wa paka aliyechoka. Ilitajwa kuwania Oscar ya madoido ya picha, na kwa ufundi ilistahili kutajwa. Kwa hadithi, ile ya kuchorwa inaishinda mbali.

Sasa tuje nyumbani. Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyotoka mwaka 2018 chini ya Ginger Ink ya Nairobi na One Fine Day Films ya Ujerumani, ni filamu ya dakika 74 kuhusu Jo, msichana wa miaka 9 anayeugua ugonjwa usio na tiba na anayetamani kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Mama anamtoa hospitalini na kumrudisha kijijini, akitaka apumzike kitandani. Dada yake, Mwix, anaona kitanda hicho ni kaburi la mapema. Anamfanya Jo aamini kwamba nguvu anazo, na kidogo kidogo kijiji kizima kinaingia katika njama, hadi kinampigia filamu ambayo yeye ndiye shujaa.

Tazama mwongozaji alivyotuweka. Angetuweka ndani ya kichwa cha Jo, angehitaji madoido ya kutosha kutufanya tuamini kwamba msichana huyu kweli anatenda miujiza, na fedha zingeisha kabla ya nusu saa. Ametuweka kando ya Mwix, upande wa wanaopika uongo. Tunajua kamba iko wapi, nani anaigiza, nani anakaribia kucheka. Kwa hiyo udhaifu wa madoido ya wanakijiji unakuwa sehemu ya hadithi: kila kasoro ni alama ya mkono wa jirani aliyeacha shamba lake kwa ajili ya mtoto asiye wake. Hapo ndipo koo linapokaba. Stycie Waweru, aliyemwigiza Jo, hakupewa uso wa kuombewa huruma, na kamera ya Enos Olik inakaa kimo cha Jo, inawatazama wakubwa kutoka chini.

Sheria ya pili ya filamu hii ni ngumu zaidi: nguvu hizo haziponyi. Filamu nyingi za familia zingeteleza hapa, zikaleta daktari wa dakika ya mwisho au mwanga kutoka mbinguni. Supa Modo haimponyi Jo. Watoto waliounda jopo la waamuzi katika kitengo cha Generation cha tamasha la Berlin mwaka huo waliitaja kwa heshima maalumu, na nadhani walithamini kutodanganywa. Dosari zipo. Muziki mara kadhaa unatuamuru kulia wakati picha ilikuwa inaifanya kazi hiyo vizuri peke yake.

Pumzi ya Wanuri Kahiu (2009), ingawa si ya watoto wadogo, ina nidhamu hiyo hiyo. Katika ulimwengu wake maji hupimwa tone kwa tone, hata jasho na mkojo hurudishwa kutumika. Basi Asha anapoipa mbegu maji yake ya mwisho, hatuhitaji madoido yoyote kuelewa ukubwa wa tendo hilo. Bei ilikwisha kutajwa mapema.

Turudi tulikoanzia: Machakos iliwahi kuahidiwa filamu nyingi. Alfred Mutua, gavana wa kwanza kuanzia 2013, naye mtayarishaji wa tamthilia ya televisheni ya Cobra Squad, alianzisha mradi wa Machawood kwa matumaini kwamba kaunti ingekuwa makao ya sinema. Wazo halikuwa baya. Ila mazungumzo ya miradi kama hiyo huelekea kwenye vifaa na studio, mandhari yakisifiwa sana, na hadithi hubaki mkia.

Na hadithi ziko. John Mbiti alichapisha Akamba Stories mwaka 1966, na aimu, wale mazimwi wa Ukambani, wamo. Zimwi wa masimulizi ya huku hujigeuza kijana mtanashati akaja kuposa, lakini katika visa vingi mdomo wake wa pili hubaki kisogoni, umefunikwa na nywele. Hiyo ni sheria ya kamera iliyokwisha tungwa: usimwonyeshe kisogo. Mpige kutoka mbele, apite mlangoni akirudi kinyumenyume, akatae kusukwa nywele, na mtoto aliye ukumbini ataanza kuogopa shingo ya mtu bila shilingi moja ya kompyuta kutumika. Siku kisogo kitakapoonekana, kionekane mara moja tu.

Mzazi anayechagua filamu ya jioni anaweza kuanza na alama ya GE (inayofaa watazamaji wote) ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya, lakini alama hiyo inamwambia nani anaruhusiwa kutazama, haisemi kama kuna cha kutazamwa. Filamu ikifika katikati, muulize mtoto mambo mawili: shujaa huyu hawezi kufanya nini, na wewe unajuaje? Akijibu bila kusita, waandishi wameifanya kazi yao. Akisema shujaa anaweza yote, zima, mwekee Supa Modo.