Neno «Raupatu» na Tafsiri Yake

Bendi ya Alien Weaponry, iliyoanzishwa New Zealand mwaka 2010 na ndugu wawili wa Kimaori, Henry na Lewis de Jong, hupiga muziki mzito wa magitaa ya umeme uitwao metali. (Jina hilo hatuligombi, «muziki wa chuma» ungetupeleka kwa mhunzi.) Katika albamu yao Tū, ya 2018, wameimba kwa Kimaori na Kiingereza, na wimbo mmojawapo, Raupatu, watuhusu sisi wenye kazi ya istilahi.

Wimbo huo wahusu sheria ya 1863 iliyoiruhusu serikali ya kikoloni kuchukua ardhi ya Wamaori waliohesabiwa kuwa waasi. Mfasiri mwenye haraka ataandika «utaifishaji». Hatukubaliani naye. Tangu Azimio la Arusha, 1967, neno hilo lamaanisha mali kuwa ya umma. Ardhi ile waligawiwa walowezi. «Utwaaji» lina upole mno, maana lanukia fidia. «Uporaji» lina ukali upasao, ila linamvua mtendaji vazi la sheria, na vazi hilo ndilo analoshtakiwa nalo. Raupatu hubeba yote mawili, ushindi wa mabavu na kunyang'anya. Hata Bunge la New Zealand, lilipotunga sheria ya kumaliza madai ya Waikato mwaka 1995, lililiacha neno lilivyo katika jina la sheria hiyo.

Nasi twapendekeza liachwe, lielezwe mara moja tu: unyang'anyi wa ardhi kwa hati ya sheria. Mwimbaji tunamlaumu kwa jambo dogo: mngurumo wake humeza silabi, na anayejifunza Kimaori hulazimika kuutafuta wimbo ulioandikwa.