Macho ya Mchimba Fagaa

Ulaya, uyoga wa chini ya ardhi hutafutwa kwa pua, na pua yenyewe ni ya mbwa. Katika majangwa ya Kuwait na kaskazini mwa Saudia, kazi hiyo ni ya macho. Fagaa, uyoga wa jangwani, ikinenepa huusukuma udongo juu, ukavimba kidogo na kupasuka. Ndiyo maana wazoefu hutoka asubuhi na mapema au alasiri, jua likiwa chini na kila uvimbe ukitupa kivuli. Adhuhuri jangwa lote huonekana bapa, na mgeni hukanyaga chakula bila kujua.

Ufa ni mmoja, lakini ndani mna ndugu wawili. Zubaidi, ambayo wataalamu huiita *Tirmania nivea*, ni kubwa, nyeupe ya maziwa. Khalasi, *Terfezia claveryi*, kwa kawaida ni ndogo zaidi, ngozi yake ni nyekundu ya kahawia, na ukiikata ina rangi ya waridi. Kwa hadubini, mbegu za zubaidi ni laini. Za khalasi ni duara zenye mchoro kama wa wavu. Sokoni zubaidi ndiyo hutangulia kwa bei, ingawa wapo walaji wasioibadili khalasi kwa lolote.

Wote wawili huishi kwa ubia na mizizi ya raqruq, kijiti kifupi cha jangwani: uyoga huupa mmea maji na madini, mmea huulipa sukari. Nao huingojea mvua ya wasm, ya Oktoba na Novemba. Ikichelewa, msimu umekufa. Kwa hiyo mchimba huanza kazi miezi kadhaa kabla ya kuinama: anakumbuka wingu lilimwaga wapi na raqruq ilichipua wapi.

Huko Murcia, Hispania, watafiti walipanda shamba la khalasi mwaka 1999 wakavuna 2001. Hilo ni jambo kubwa, ila jangwani bado hakuna jembe wala palizi. Hadithi ya Mtume huihesabu fagaa katika mana, na kuyasifu maji yake kuwa dawa ya macho. Mana ni riziki isiyolimwa. Lakini fagaa haijiokoti. Inampata aliyejifunza kutazama, anayechimba taratibu asiikate mizizi, kisha akafukia shimo, maana raqruq ikifa, mwaka ujao hata mvua njema haitamsaidia.