Kidung'ata Hakupimwa, Nyigu Akachelewa

Uamuzi wa kukusanya nyigu kabla ya kumtambua kidung'ata vizuri ulikuwa wa kizembe, na afadhali lisemwe hilo mapema. Mwaka 1977 Danièle Matile-Ferrero alikwisha kumweleza kisayansi kidung'ata aliyekuwa akikausha muhogo wa Kinshasa na Brazzaville tangu 1973, akampa jina Phenacoccus manihoti. Wasakaji wa maadui zake wakaelekea kaskazini mwa Amerika Kusini, wakakuta kwenye muhogo wa huko kidung'ata anayefanana naye, wakaridhika. Wakaanza kukusanya nyigu wanaomshambulia.

Anayefanana naye! Yule wa kule ni wa manjano, wa Afrika ni wa waridi. Wa kule ana madume. Wa Afrika ni majike watupu, wanazaa bila kupandwa. Kwa dalili hizo mbili tu, mtu mwenye macho angesita kabla ya kufungasha nyigu. Ni sawa na kummezesha mgonjwa dawa ya malaria kabla hajatobolewa kidole. Matokeo wasomaji wa safu hii wanayajua: nyigu waliotolewa kwa kidung'ata wa manjano walikataa kuzaliana kwa yule wa waridi.

Ilibidi ifike 1981 ndipo Cox na Williams wakapanga majike kwenye vioo vya hadubini, wakachunguza vitundu na mirija ya kutolea nta, wakatangaza kwamba yule wa kaskazini ni spishi nyingine kabisa, Phenacoccus herreni. Wakati huo kidung'ata halisi alikuwa hajamngoja mtu. Nigeria alishaingia mwaka 1979.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba somo hili lilikwisha kufundishwa hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1923 kidung'ata wa kahawa alizuka maeneo ya Thika, Kenya. Kwanza akaitwa citri, kisha lilacinus, na kwa kuwa jina la pili lilielekeza Asia, maadui wakasakwa hadi Ufilipino. Hawakufaa. Ndipo R. H. Le Pelley alipokaa na vielelezo, akavitazama upya, na mwaka 1935 akaeleza kwamba huyo ni spishi isiyokuwa na jina: kenyae. Jina sahihi likaonyesha njia, nayo ilikuwa fupi mno: Uganda, jirani tu. Mwaka 1938 nyigu wa jenasi Anagyrus wakaletwa kutoka huko, na kahawa ikapumua. Kufikia 1959 ilikadiriwa kuwa wakulima wameokoa pauni milioni 10, kwa gharama isiyozidi pauni 30,000. Le Pelley alianza na mdudu, akamalizia na safari. Waliomfuata miaka 40 baadaye waligeuza mpangilio.

Tony Bellotti alimpata kidung'ata halisi Paraguay mwaka 1981, na nyigu aliyekuwa naye akaachiwa Nigeria mwaka huo huo. Kazi safi.

Na nyigu mwenyewe? Jike hafiki milimita mbili. Ni mweusi, na ukimweka chini ya hadubini jicho huvutwa na kipapasio: kipande cha kwanza kimetanuka na kubapa, kikifuatiwa na kimoja kifupi, kisha sita vya katikati, kisha rungu la vipande vitatu. Dume ana vipapasio vyembamba vyenye nywele ndefu, na rungu lake ni kipande kimoja. Shuka hadi mguu wa kati: mwishoni mwa muundi kuna mwiba mnene. Huo, pamoja na ubavu uliovimba kwa misuli, ndio humrusha kabla hujamgusa. Familia nzima ya Encyrtidae ina mguu wa namna hiyo.

Jike hutumbukiza yai moja ndani ya kidung'ata. Buu hula kutoka ndani hadi mwenyeji anabaki ganda kavu la kahawia, na nyigu mpya hutoboa tundu la mviringo akatoka. Kidung'ata mdogo hupewa yai la dume, mkubwa yai la jike. Jike hupima kwanza ndipo atage, jambo ambalo wasakaji wa 1977 hawakulifanya.

Safu hii ina kinyongo kingine cha siku nyingi, nacho ni majina. Luis De Santis wa Argentina alimwita nyigu huyu Apoanagyrus lopezi mwaka 1964. Maandishi ya miaka ya 1980 yanamwita Epidinocarsis. Leo ni Anagyrus. Kila badiliko lina hoja zake, lakini mwanafunzi wa kilimo anayetafuta jina moja tu huzikosa ripoti nusu.

Thailand walisoma vizuri: kidung'ata alionekana 2008, wakahakikisha jina lake, 2009 wakachukua nyigu kutoka Benin, 2010 wakamwachia.

Mwamanyili, mkoani Simiyu, haya si historia ya mbali. Muhogo wa udaga na pamba hukaa mashamba jirani, na dawa inayopigwa kwenye pamba haiulizi kama mdudu wa milimita moja na nusu ni rafiki. Halafu kuna kidung'ata wa mpapai, Paracoccus marginatus, ambaye naye hupenda muhogo. Lopezi si adui yake. Huyo hukabiliwa na nyigu mwingine, Acerophagus papayae. Kwa mbali wote ni unga mweupe tu.

Kwa hiyo bwana shamba wa Mwamanyili atakapoona unga huo kwenye ncha za muhogo, asitaje jina kwa macho wala asikimbilie bomba la dawa. Akate ncha chache, atie wadudu kwenye kichupa chenye spiriti, aandike tarehe na kijiji, apeleke TARI Ukiriguru.