Fundi wa Moto Mdogo

Chonyonyo iko juu, kwenye matuta ya Karagwe mkoani Kagera, ambako maji huhesabiwa kwa ndoo. Choo cha kuvuta maji hapa ni anasa. Choo cha shimo kinajulikana kila nyumba, na kasoro zake vilevile: shimo hujaa, masika yakizidi hufurika, kisha mwenye nyumba anachimba lingine mahali ambapo angepanda mgomba. Tunapozungumzia taka hatari za nyumbani, wengi tunafikiria betri za tochi na chupa za dawa ya mifugo. Mimi naanza na kinyesi. Ndicho kinachobeba kipindupindu, homa ya matumbo na mayai ya minyoo, na hakuna nyumba isiyokitoa.

Kwa sababu hiyo naiheshimu sana kazi iliyofanywa Karagwe mwanzoni mwa miaka ya 2010 na shirika la wakulima la MAVUNO, likishirikiana na wahandisi wa Ingenieure ohne Grenzen kutoka Ujerumani. Waliipa jina la CaSa. Shabaha yake ilikuwa kukichukua kinyesi chooni, kuua vijidudu vyake kwa moto, kisha kukirudisha shambani kikiwa mboji.

Kazi inaanzia chooni. Choo chenyewe ni kikavu, chenye njia mbili: mkojo unapita mbele na kuingia kwenye dumu, kinyesi kinaanguka nyuma kwenye chombo chake. Kila anayemaliza anamwaga kopo la majivu au vumbi la mbao. Majivu yakiwa makavu hunyonya unyevu, harufu hukatika na inzi hukosa pa kutagia. Mkojo ukipotea njia ukaingia nyuma, kazi yote huharibika. Kwa hiyo fundi wa kwanza ni mtumiaji mwenyewe, hata akiwa mtoto wa darasa la pili.

Halafu linakuja tanuri, na hapo ndipo ninapopenda kukaa. Ni tanuri la udongo, na chombo cha kinyesi huingizwa ndani yake kikafungiwa. Joto linatoka kwenye jiko dogo linalotumia vumbi la mbao. Anayewasha hatafuti moto mkali. Ukiwa mkali, kingo zinaungua, naitrojeni ambayo mmea ungeihitaji inapotea hewani, na katikati panabaki vuguvugu, mayai ya minyoo yakiwa hai. Anachotafuta ni nyuzijoto kama 65 hadi 75, zifike mpaka kitovu cha chombo, na zikae hapo kwa takriban saa nzima. Kanuni ni ileile ya kuyafanya maziwa yawe salama: si lazima yaungue, ila joto lifike kote na lidumu. Kwa hiyo mtu anakaa na moto. Anapima katikati, si pembeni. Joto likishuka anaongeza moto, na likipanda anabana hewa. Saa haianzi kuhesabiwa moto unapowashwa. Inaanza pale katikati panapofikia joto linalotakiwa.

Mkoa huu unaujua udongo na moto tangu zamani. Ng'ombe wa chuma wa ikulu ya Rumanyika, mfalme wa Karagwe, kule Bweranyange ni ushahidi wa mikono iliyojua wakati wa kuvukuta na wakati wa kuacha.

Jiko lenyewe lina faida nyingine. Vumbi la mbao likizimwa kwa wakati wake halibaki jivu, linabaki mkaa. Mkaa huo unaloweshwa mkojo na kuunyonya, kisha unachanganywa na kinyesi kilichopata joto, maganda ya ndizi, mabua ya maharage, nyasi, majivu, udongo na vipande vya matofali. Kinyesi ni sehemu ndogo tu ya rundo. Halafu ni kungoja miezi, ukigeuza. Unyevu unapimwa kwa konzi: ukikamua maji yakatiririka, rundo limelowa mno, ukifungua kiganja likasambaratika, ni kavu mno. Na jambo moja halina msamaha: koleo lililogusa kinyesi kibichi haliingii kwenye mboji. Likiingia, saa nzima ya moto imepotea bure.

Udongo wa Karagwe una asili ya majivu ya volkano. Una uchachu na huibana fosforasi. Kibanja cha zamani, yaani shamba la migomba la nyumbani, kiliishi kwa samadi, na sotoka ya miaka ya 1890 ilipowamaliza ng'ombe, wengi walibaki bila kitu cha kuutilia udongo. Katika majaribio ya shambani yaliyofanywa hapa na Ariane Krause wa chuo kikuu cha Technische Universität Berlin, mahindi yaliyotiwa mboji ya CaSa yalizaa zaidi ya yale ya mboji ya kawaida, na mbali kabisa na yale yasiyotiwa chochote. Fosforasi iliyoliwa kwenye maharage ilikuwa imerudi nyumbani.

Anayefanya kazi hii mara nyingi huitwa mzoa mavi, na watoto humkwepa njiani. Mtu anayejua joto la katikati ya chombo, anayetofautisha makoleo mawili asikosee, na anayesoma unyevu wa rundo kwa kiganja, ni fundi. Mpeni glavu, mpeni kipimajoto, na mlipeni ujira wa fundi.