Amani ya Mshindi na Amani ya Uwanja

Mwezi wa Februari 2015, Tamasha la Sauti za Busara liliingia Ngome Kongwe, Unguja, kwa mara ya kumi na mbili, likiwa na kaulimbiu isemayo "Amani Ndio Mpango Mzima". Kaulimbiu hiyo haikuwa pambo. Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi, na Visiwani uchaguzi ni neno linalowafanya watu wayakumbuke makovu yao. Busara Promotions, asasi isiyo ya kiserikali inayoliandaa tamasha, iliamua kuuweka muziki katika utumishi wa amani. Nia hiyo yastahiki sifa. Lakini nia njema haimzuii mhakiki kuuliza: ni amani ipi iliyoimbwa?

Neno lenyewe ni tamu, na katika utamu wake mna hatari. Mtawala hulitaka, mpinzani hulitaka, mwenye duka hulitaka, na kila mmoja hudhani mwenziwe amekusudia alilokusudia yeye. Msanii akilikariri katika kiitikio, hadhira nzima huitikia, kwa kuwa hakuna aliyedaiwa kitu. Wimbo wa namna hiyo humpitia msikilizaji kama upepo wa kusi dirishani, kisha akabaki kama alivyokuwa.

Ili kuipima kauli hiyo, yafaa kuvuka bahari na kupanda milima ya Usambara, ambako Amani ni jina la mahali. Hapo Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, na leo jina hilo limo pia katika hifadhi ya msitu. Wasambaa, wenyeji wa milima hiyo, wana msemo mzito kuliko jina: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi. Kinyume chake ni kubana shi, kuiharibu. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1990, ameeleza fikra iliyomo: nchi hupona pale nguvu moja inapozishinda nyingine, mvua ikanyesha na chakula kikapatikana. Wakuu wakishindana nguvu kwa nguvu, mvua hukatika na njaa ikaingia. Alipofariki Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, Semboja wa Mazinde na Shekulwavu wa Vugha waliugombea utawala, na nchi ikaharibika kweli. Mateka wa vita wakauzwa utumwani.

Hekima hiyo haiitenganishi amani na chungu kilicho jikoni, na kwa hilo inaishinda kaulimbiu yoyote. Ila nayo ina uchungu wake. Ni amani ya mshindi: aliyeshindwa hana budi kunyamaza.

Mjini Tanga, karibu na milima hiyohiyo, ngoma ilifunza njia nyingine. Mwanzoni mwa karne ya ishirini beni ilienea kutoka miji ya pwani ya Kenya, ikiiga bendi za kijeshi, na Tanga ikagawanyika kati ya Marini na Arinoti. Makundi hayo yalishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo za kejeli. Hayakupendana. Lakini kila kundi lilimhitaji mpinzani wake, kwani bila yeye hapakuwa na mashindano wala ushindi. Hii ndiyo amani ya uwanja: ugomvi hauzimwi, bali hupewa zamu na mashahidi.

Kwa kipimo hicho, Sauti za Busara iliisema amani vyema zaidi pale ilipoacha kuitaja. Katika jukwaa la tamasha hili, ngoma, taarabu na muziki wa vijana hupigwa moja kwa moja, na kila kundi hulazimika kulipisha jingine. Anayekuja kumsikiliza kijana wake hujikuta ameketi akimsikiliza mzee wa mwenziwe. Somo hilo halihitaji kiitikio.

Yaliyofuata yaliijaribu kauli ile. Uchaguzi wa Zanzibar wa Oktoba 2015 ulifutwa, ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016, na chama kikuu cha upinzani, CUF, kikaususia. Baina ya matukio hayo mawili, ule mwezi wa Februari ambao watu walizoea kukutana Ngome Kongwe ulipita kimya: tamasha la 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha, likarejea 2017. Hakuna awezaye kudai kuwa nyimbo zingalibadili jambo. Lakini katika miezi ambayo kila upande ulikuwa ukizungumza na watu wake tu, mahali pamoja pa kusikilizana palikosekana.

Wahenga walisema ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Amani iliyotangazwa kwa sauti kubwa ilikosa mlipaji katika mwaka ilipohitajika zaidi. Kaulimbiu haigharimu kitu. Uwanja hugharimu, na asiyeugharimia asishangae siku washindani watakapokosa pa kukutania.