Vidole Vilivyosifiwa, Maneno Yaliyoachwa

Santuri za kwanza za Mwenda Jean Bosco, alizorekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville (leo Likasi), Katanga, mwaka 1952, zilipokewa kwa sikio moja tu. Wataalamu wa muziki walivutiwa na gitaa. David Rycroft alilichambua noti kwa noti katika jarida la African Music, 1961 na 1962. Uchambuzi huo ni wa thamani. Ila nyimbo zake nyingi zina maneno ya Kiswahili, na sisi wa taaluma hii tumeyapita kimya, pengine kwa kuyaona mabovu.

Ubovu upi? Mkazi wa mtaa wa Kenya, Lubumbashi, asemapo «katoto», na kwa wingi «tutoto», hajavunja sarufi. Anafuata kanuni nyingine, tena isiyoyumba. Johannes Fabian alipohariri «Vocabulaire» ya André Yav (1965), historia ya Elisabethville iliyoandikwa kwa Kiswahili hicho hicho, hakuisahihisha kwanza ndipo aisome. Aliichapisha mwaka 1990 kama ilivyo, pamoja na tafsiri na ufafanuzi. Mwenda bado anasubiri mhariri wa namna hiyo, na gitaa lake, kwa uzuri wake, limetupa kisingizio cha kuchelewa.