Ufahamu: Jina Zuri Lina Deni

Leo twataka kulipima gazeti moja lililo mbali nasi kwa njia, lakini karibu nasi kwa jina. Jina lake ni Ufahamu. Halitoki Bukavu wala Dar es Salaam. Latoka Marekani, katika Chuo Kikuu cha California, mjini Los Angeles.

Kwanza tujue asili yake. Mwaka 1969 wataalamu wa mambo ya Afrika walikutana Montreal, katika nchi ya Kanada. Huko watu weusi walisimama, wakauliza kwa nini elimu juu ya Afrika imo mikononi mwa Wazungu karibu peke yao. Mkutano ukavurugika. Mwaka uliofuata, 1970, wanafunzi wa Los Angeles waliokuwa katika chama kiitwacho African Activist Association walianzisha gazeti lao wenyewe. Hawakungoja kwanza kuitwa maprofesa. Tangu siku zile wanafunzi ndio wanaopokea makala, kuyapima, kuyasahihisha na kuyatoa. Mmoja akimaliza masomo yake, humwachia mwenzake kazi.

Jambo hilo twalisifu. Wako watu wanaofikiri kwamba kazi ya kijana ni kusikiliza tu. Kumbe, gazeti hili limepita miaka 50, wala kiti cha mhariri hakikugeuka kuwa mali ya mtu mmoja. Ndani yake mna makala ya historia na siasa, mna mashairi na hadithi, tena mna maoni juu ya vitabu vipya. Siku hizi lasomwa kwa intaneti bila kulipa hata franka moja.

Lakini kusifu tu si kupima. Gazeti lenyewe lasema kwamba lataka kuongea na mtaalamu na msomaji wa kawaida pia. Basi, tulipime kwa neno lake. Tukilifungua twaona nini? Jalada lasema Kiswahili. Ndani, karibu kila ukurasa ni Kiingereza, tena Kiingereza kizito cha wasomi. Mama auzaye samaki kando ya Ziwa Tanganyika alijua jina hilo tangu utoto wake, lakini hawezi kuingia ndani. Ni kama nyumba iliyoandikwa "Karibu" juu ya mlango, na ufunguo umefichwa.

Wengine watajibu: Afrika ina lugha nyingi, je, wote wataandika kwa lugha gani? Neno hilo ni la kweli. Mhausa na Mzulu hawana haja ya Kiswahili chetu. Hatusemi waache Kiingereza. Twaomba jambo dogo: kila makala yawe na ukurasa mmoja wa muhtasari katika lugha ya watu wanaosimuliwa. Yakiwa juu ya Goma, Kiswahili. Yakiwa juu ya Kano, Kihausa.

Kwa nini twalishika sana neno hili? Mtu akiandika juu ya kijiji chetu, nasi hatuwezi kumsoma, nani atamwambia kwamba amekosea? Mwaka 1969 watu walilia kwamba Afrika husemwa bila wenyewe kuwapo. Kosa lile lile laweza kurudi kwa mlango mwingine, hata kwa mkono wa rafiki.

Kila mwalimu anajua kipimo cha ufahamu. Mtoto anayerudia maneno ya kitabu, bado hajafahamu. Aliyefahamu husimulia kwa maneno yake mwenyewe, hata nyanya yake nyumbani akaelewa, akamrudi pale alipokosea.

Basi, ninyi vijana wetu mnaosoma Bukavu, Lubumbashi na Kisangani, igeni ushujaa wa wenzenu hao. Anzeni gazeti lenu, msingoje ruhusa ya wakubwa wa elimu. Lakini mkilipa jina la lugha yetu, lipeni na deni la jina hilo.